Nyumba ya Atakayeiezeka

Ukitaka kuijua nyumba ya Mzee Timazi, usianzie mlangoni. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, na Mzee aliwaunga mkono kwa vitendo. Mlango wake wa mbele ulikuwa wa mbao nzito zenye nakshi, alioupata kwenye jengo la matajiri lililobomolewa, na ulipoufungua ulikuta chumba kimoja cha udongo. Hicho chumba ndicho kilichokuwa nyumba nzima. Mzee alikuwa mwashi. Jina la Timazi alipewa na wenzake kazini, kwa sababu hakutoka bila ile kamba yenye kipande cha chuma cha kupimia kama ukuta umesimama wima. Nyumba za watu alizijenga zikanyooka. Ya kwake aliijenga kwa mabaki ya nyumba za watu.

Alipooa, aliongeza chumba cha matofali ya kuchoma. Mtoto wa kwanza alipozaliwa ikaja sebule ya matofali ya saruji, na kila mtoto aliyefuata alikuja na chumba chake, na kila chumba kilikuja na tofali lake, kutegemea mwaka huo Mzee alikuwa akijenga wapi. Hakubomoa kitu. Kwake, mtu anayebomoa ukuta wake mwenyewe hakulelewa. Ndiyo maana dirisha la kile chumba cha udongo lilibaki palepale nyumba ilipokua kulizunguka, likawa linatazama sebuleni, na mgeni aliyepewa kiti kikubwa alikunywa chai yake huku akiona miguu ya mtu aliyelala.

Katikati ya ukumbi palikuwa na ngazi. Ilikuwa ngazi ya saruji, pana, yenye mkono wa chuma, na ilipanda vizuri mpaka chini ya paa ikaishia hapo. Mzee aliijenga mke wake alipopata mimba ya mwisho. Alisema chini pamejaa, huyu atalala ghorofani. Ngazi ilikamilika, mtoto akazaliwa, na nguvu za Mzee zikaisha kabla ya ghorofa. Hivyo kaka zake walipata vyumba, na Kitinda akapata ngazi. Aliitumia kuanikia vitunguu.

Kila mtu alimwita Kitinda, yaani kitindamimba, ingawa alikuwa ameshavuka miaka hamsini na magoti yake yalijua hilo. Aliwahi kuolewa. Ndoa ilipomshinda alirudi nyumbani, na kaka zake wakampokea vizuri, wakamwambia apumzike hapa kwa muda. Katika muda huo alimuuguza mama yao mpaka akamzika, kisha akamuuguza baba yao, na wakati wote huo alilala kwenye chumba cha udongo chenye dirisha la sebuleni, kwa sababu vyumba vingine vilihesabiwa bado ni vya kaka zake, ingawa walishahamia kwao. Hakuna aliyemwambia muda umeisha. Hakuna aliyemwambia haujaisha pia, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi kuliko mvua.

Mvua nayo ilikuwa na historia yake. Siku za mwisho za Mzee, wanawe watatu walikizunguka kitanda chake wakigombania nyumba kwa sauti ya chini, kwa heshima ya mgonjwa. Wa kwanza alikuwa mkuu wa shule, na mpaka leo anaitwa Mkuu hata na mkewe. Wa pili ana bucha sokoni, kwa hiyo ni Bucha. Wa tatu ni fundi wa nguo, naye ni Cherehani. Nje kulikuwa kunanyesha. Tone lilipenya kwenye bati bovu, likatua kwenye blanketi, likafuatwa na mwenzake. Kitinda alikuwa amesimama kichwani kwa mgonjwa na beseni mkononi, akiyakinga. Mzee akatazama juu, akawatazama wanawe, akasema, "Nyumba ni ya atakayeiezeka." Kisha akageukia ukutani, na hakusema tena neno lililoeleweka mpaka alipofariki.

Kaka zake walitoka chumbani wamebeba wosia.

"Baba alikuwa amelowa," Kitinda aliwaambia baada ya msiba. "Alikuwa analalamika tu. Alitaka mtu apande akazibe lile tundu."

"Maneno ya mwisho ya mzazi hayawi malalamiko," Mkuu alimjibu kwa sauti aliyokuwa akiitumia mbele ya mstari wa wanafunzi. "Yanachukuliwa kama yalivyosemwa."

Basi yakachukuliwa. Arobaini haijaisha, Mkuu alileta bati moja jipya akalipigilia juu ya lile tundu. Alilipaka rangi ya bluu ili pasije pakatokea ubishi. Kesho yake asubuhi Bucha aliweka la kwake, jekundu, pembeni, pasipovuja kabisa, na akalipigilia misumari ya kutosha kushikilia ng'ombe. Jioni ya siku hiyo hiyo Cherehani akaweka la kijani. Wiki nzima paa liligeuka uwanja wa mapambano, kila mmoja akifunika bati la mwenzake, mpaka mjomba mmoja akaingilia kati na wakakubaliana kwamba kuanzia hapo hakuna atakayepanda bila wenzake wawili kuridhia. Wenzake wawili hawakuridhia kamwe. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa watatu.

Miaka ikapita, kutu ikafanya kazi yake bila kuomba ridhaa ya mtu. Upepo ukipeperusha bati, kaka zake walikuja wote watatu kushuhudia likirudishwa palepale lilipokuwa, pamoja na tundu lake. Kitinda alibaki chini na mabeseni. Aliyafahamu matone yote kwa tabia. Yaliyopita kwenye mabati ya Mkuu yalidondoka kwa zamu, moja moja, kwa nidhamu. Ya Bucha yalimwagika. Ya Cherehani yalitengeneza mstari mzuri ulionyooka sebuleni, utafikiri umepigwa na mashine. Watoto wa mtaani walimwita Mama Mabeseni, na yeye aliitika, kwa sababu lilikuwa jina la haki.

Mambo yalibadilika Mkuu alipostaafu. Alianza kuja mara kwa mara, akizunguka vyumbani na mikono nyuma, akitazama. Siku moja alikuja na binti yake, ambaye kazi yake ni kuchora ramani za majengo, na wote walimwita Ramani. Alimleta apime nyumba, maana alikuwa na mpango wa kuhamia. Kitinda aliuliza yeye atakaa wapi. Mkuu akasema, "Hutakosa pa kujibana, Kitinda." Lilisemwa kwa upendo, na lilimchoma.

Ramani alipima, akacheka alipofika kwenye dirisha la sebuleni, akapanda ngazi ya saruji mpaka kichwa kikagusa mbao za paa, akashuka na ganda la kitunguu kwenye nywele. Lakini alipofika kwenye chumba cha udongo hakucheka. Aliweka kiganja ukutani, akabonyeza, na kidole kikaingia.

"Shangazi, wewe unalala humu?"

"Tangu zamani."

"Ukuta huu umekunywa maji mpaka umelewa. Masika yajayo yakikukuta humu, utakuangukia."

Kitinda aliutazama ule ukuta. Ulikuwa wa kwanza kusimama, kabla ya mlango, kabla ya kaka zake, kabla yake. Alijisikia kulia, na badala ya kulia alivaa viatu.

Alianzia kwa Mkuu, akamwambia ukuta unaanguka. Mkuu akasema ni jambo zito, ataitisha kikao. Akaenda sokoni kwa Bucha, ambaye alimsikiliza huku akipasua mbavu za mbuzi. "Mimi ningeezeka hata leo," Bucha alisema, "ila Mkuu atasema nimeiba nyumba. Mwambie yeye aridhie kwanza." Akaenda kwa Cherehani, aliyekuwa na pini mdomoni na hakuzitoa. Cherehani alisema hana neno, mradi wale wawili wabaki chini. Kisha akaongeza, kwa uchungu wa kweli, "Usipoziba ufa utajenga ukuta, dada yangu." Kitinda alimwangalia akisubiri aone kama atayasikia maneno yake mwenyewe. Hakuyasikia.

Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, na hasira yake ilikuwa na akili. Kesho yake alizunguka tena, safari hii bila kuomba kitu. Kwa Mkuu alisema, "Kaka, nasikia Bucha ameshaongea na mafundi. Jumamosi." Kwa Bucha alisema hivyo hivyo kuhusu Cherehani, na kwa Cherehani kuhusu Mkuu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mmoja atawahi, ataezeka, wenzake watapiga kelele, lakini mabati yatakuwa yameshakaa. Atakayeshinda atamwonea huruma yule aliyekuwa akikinga matone, na kama hatamwonea huruma, walau atamfukuza akiwa mkavu.

Jumamosi alfajiri yakaingia makundi matatu.

Mafundi wa Mkuu walikuja na ngazi zao za mbao, wa Bucha na zao, wa Cherehani na zao, na mabati mapya yakashushwa uani katika mafungu matatu. Kitinda alikuwa ameshabandika chai. Alifurahi kidogo. Ila alisahau kaka zake ni watu gani. Hakuna hata mmoja aliyeanza kuezeka. Mkuu alisema yeye hawezi kuezeka juu ya bati la mtu mwingine, baadaye mtu huyo atadai alikuwepo chini, kwa hiyo akawaamuru mafundi wake wang'oe kwanza mabati mekundu na ya kijani. Bucha akaamuru yang'olewe ya bluu na ya kijani. Cherehani akaamuru yang'olewe ya bluu na mekundu. Kazi ilikwenda kwa kasi ambayo nyumba ile haikuwahi kuiona. Hata mabati ya Mzee mwenyewe, yaliyokuwa yamebaki kwenye kona, yaling'olewa ili pasibaki shaka.

Kabla ya adhuhuri nyumba ilikuwa wazi. Zilibaki mbao tu, na jua likaingia mpaka chini ya vitanda, likaonyesha vitu vilivyopotea tangu enzi za mama. Ramani, aliyekuja kumpa shangazi yake kampani, alisimama sebuleni akatazama juu, akasema, "Wameezua wote watatu."

"Naona," Kitinda alisema.

Ndugu watatu walikuwa uani wakishikana mashati. Bati la kwanza jipya lilipoinuliwa, mikono minne ya wale wengine wawili ililishusha. Mwishowe, wakiwa wamechoka, walikubaliana jambo moja: baba mdogo wao, mdogo wa Mzee aliyebaki, aletwe kesho aamue. Mpaka hapo asipande mtu. Na kwa kuwa hawakuaminiana, ngazi zote za mbao zilikusanywa zikapakiwa kwenye mkokoteni, zikapelekwa kufungiwa kwenye stoo ya Bucha, na funguo akapewa Mkuu, na kufuli likawa la Cherehani.

"Na mimi?" Kitinda aliuliza wakati wakiondoka. "Nitalala wapi?"

Mkuu aliangalia huku na huku. "Jibane jikoni kwa leo."

Kitinda alitazama jikoni. Mawingu yalikuwa yakionekana vizuri kutoka pale, na yalikuwa meusi.

Mafundi walibaki, kwa sababu walikuwa wameahidiwa chakula na hakuna aliyewaambia waende. Walikaa uani, makundi matatu yaliyokuja kama maadui, wakila wali wa Kitinda kutoka sinia moja na kulalamika kuhusu mabosi. Kitinda alikaa kwenye kidato cha kwanza cha ngazi yake ya saruji. Alikuwa amejikalia hapo maisha yake yote, akimenya, akichambua, akilia mara moja moja. Safari hii upepo ulimpiga utosini. Akageuka akatazama juu. Ngazi ilipanda, ikafika kileleni pa ukuta, na baada ya hapo hapakuwa na kitu cha kuizuia. Kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, ilikuwa inakwenda mahali.

Akainuka, akapanda. Vitunguu viliporomoka nyuma yake. Alitokeza mabega, kisha kiuno, akasimama juu ya ukuta amejishikilia kwenye ubao wa paa, na akaona mtaa wote, na mafundi uani wakimtazama na matonge mikononi.

"Mama, utaanguka," mmoja alisema.

"Nileteeni bati."

"Ngazi wamechukua."

"Ngazi ipo humu ndani. Baba alinijengea."

Walitazamana. Mafundi ni watu wanaoelewa mawingu. Mmoja akasuuza mikono, wa pili akafuata, na baada ya muda mfupi mabati yalikuwa yakipita mlango wenye nakshi, yanakatiza ukumbini, yanapanda ngazi ya saruji mkono kwa mkono, kutoka mafungu yote matatu bila kuuliza lipi la nani. Ramani alisimama katikati ya ngazi akipitisha misumari. Bati la kwanza, lililo juu ya chumba cha udongo, Kitinda alilipigilia mwenyewe. Alijigonga kidole akatukana tusi alilojifunza kwenye ndoa, na hakuomba radhi. Kofia ya paa, lile bati la kileleni, ilikaa mahali pake mvua ikiwa imeshaanza kuwalowesha waliokuwa juu. Kitinda alishuka, akaingia chumbani kwake, akalala kitandani na nguo mbichi, akasikiliza. Ilinyesha kwa hasira, na hakuna kilichodondoka. Alilia mpaka akapitiwa na usingizi.

Kesho yake walikuja na baba mdogo wamemshika mikono. Walifika getini wakasimama.

"Nani ameezeka?" Mkuu aliuliza.

"Mimi," Kitinda alisema. Alikuwa amekaa kibarazani na kidole kimefungwa kitambaa.

"Kwa mabati yangu!" Bucha alisema.

"Yako, na ya wenzako. Baba hakusema mabati ya nani. Alisema atakayeiezeka."

"Lakini wewe mwenyewe ulisema," Cherehani alianza, "kwamba Baba alikuwa analalamika tu."

"Kaka Mkuu alinikataza kusema hivyo. Yanachukuliwa kama yalivyosemwa."

Miaka yote Mkuu alikuwa ameufundisha ukoo mzima sentensi ile, na sasa haikuwa na pa kumpitisha. Baba mdogo aliketi, akaomba maji, akayanywa taratibu, akawatazama mmoja mmoja. "Wanangu, wosia mliutunga ninyi," alisema. "Mwenzenu ameutii. Mnataka nini tena?"

Halafu kikatokea kitu ambacho Kitinda hakukitegemea: nyuso zao zililegea. Bucha alimtazama Mkuu, Mkuu akamtazama Cherehani, na kila mmoja akaona kwamba wale wengine wawili hawakuipata.

"Basi bora Kitinda," Bucha alisema.

"Bora Kitinda," wakasema wenzake, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi wakubaliane bila mjomba. Walimkabidhi mbele ya baba mdogo, wakala, wakaondoka wakicheka pamoja.

Kitinda aliishi vizuri. Alikausha ukuta wa udongo, akaukandika upya, akahamishia vitunguu jikoni. Mabeseni aligawa kwa majirani, akabaki na moja la kufulia. Ramani alihamia kwake, kwa kuwa ofisi ilikuwa karibu na kwa kuwa walipendana, na Kitinda alishasema mbele za watu kwamba yule ni mwanawe sasa. Wageni wakija aliwaonyesha ngazi kabla ya kuwapa kiti.

Masika ya pili yalipoanza, walikuwa sebuleni wakinywa chai. Tone likatua kwenye mkono wa kiti kikubwa. Wakalitazama. Likaja jingine.

"Tundu la msumari," Ramani alisema, akainuka. "Mpira wake umekatika tu. Nina lami na nyundo, na ngazi ya jirani ipo pale nje. Dakika tano, Shangazi."

Alikuwa ameshafika mlangoni na nyundo mkononi. Kitinda alimtazama mgongo: kijana, mwenye nguvu, binti wa Mkuu.

"Subiri," alisema.

"Nini?"

"Usipande."

"Ni tundu moja, Shangazi."

"Najua. Baba yako naye alianza na tundu moja."

Ramani alisimama akisubiri shangazi yake acheke. "Si wewe uliyesema Babu alikuwa analalamika tu?"

"Nilisema," Kitinda alikubali. Alisogeza kiti kikubwa pembeni, polepole, ili tone lipate njia. "Niletee lile beseni, mwanangu. Na hiyo nyundo iache nje."